Mwanafunzi Aliyelipia Makosa

Mwalimu Fung Sau-ng'an haamini mizani ya mtu. Akienda kununua samaki soko la hapa mtaani kwetu To Kwa Wan hubeba mizani yake ndogo ya mfukoni, na muuza samaki siku hizi humpimia mara mbili bila kuombwa, ili waachane kwa amani. Haamini utabiri wa hali ya hewa. Haamini daktari aliyevaa viatu vipya. Bili ya mkahawa wangu huikagua juu chini kabla ya kulipa, ingawa ni chai moja na mkate mmoja tangu enzi ambazo mume wangu alikuwa bado na nywele. Nampenda, lakini ni mwanamke wa kuchosha.

Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, kusoma na kuandika, na alipostaafu nyumba ikamwia kimya mno. Hakuolewa. Anasema kila mchumba aliyemjia alikuwa na jambo analificha, na haki yake nimpe, wawili kati yao kweli walikuwa nalo. Basi akaanza kuwafundisha wageni Kikantoni, hapa hapa kwangu, meza ya pembeni chini ya feni, saa za alasiri ambapo wa chakula cha mchana wameondoka na wa chai hawajaingia. Mimi nilikubali kwa kuwa wanafunzi wake huagiza. Mume wangu Tak, ambaye kazi yake ni kuchuja chai jikoni, alikubali kwa kuwa hakuulizwa.

Nimewaona wengi wakipita pale mezani: maharusi kutoka bara, ng'ambo ya mpaka, mlinzi Mnepali, padri mmoja mnene aliyependa mkate wetu wa nanasi na akahuzunika sana kuambiwa hauna nanasi. Wote huanzia mahali pamoja. Hakuna kusema "habari" wala "asante" mpaka waweze kuimba namba: tatu, tisa, nne, sifuri, tano, mbili. Ukizitamka kwa Kikantoni kwa mfuatano huo, umepita ngazi zote sita za sauti. Mwalimu hushika kijiti kimoja cha kulia wali, akakipandisha na kukishusha hewani, na mwanafunzi hukifuata kwa sauti huku shingo ikimtoka mishipa. Silabi ile ile juu ni kitu kimoja na chini ni kitu kingine. Sisi tuliozaliwa nayo hatujui hata kama tunapanda au tunashuka.

Baada ya ngazi huja ng', na hapo ndipo ilipo roho ya Mwalimu. Neno letu la "mimi" ni ng'o, lenye mwanzo kama wa ng'ombe, lakini vijana wote sasa wanasema o tu, na "wewe" ambalo ni nei wanaliita lei. Sauti za uvivu, ndivyo zinavyoitwa, na mji mzima ni mvivu. Mwalimu huzichukia kama watu wengine wanavyochukia mende. Hata mimi huniponyoka nikamwita Sau-an, naye hugeuka nyuma kumtafuta huyo Sau-an ni nani.

Kuandika huja mwisho, na hapo wageni hulia. Kwetu mdomo una lugha yake na kalamu ina yake. Tunasema hivi, lakini kwenye vitabu, gazeti la heshima na matangazo ya serikali tunaandika vile, kwa maneno ambayo hakuna mtu anayeyasema akiwa na njaa. Maneno ya mdomoni yana herufi zake pia, nyingi zina kijisanduku upande wa kushoto, na kijisanduku hicho ndicho mdomo. Utaziona kwenye vibao vya sokoni, magazeti ya udaku na ujumbe wa simu. Mwalimu huzifundisha kwa uso wa mtu anayekuonyesha choo kilipo. "Haya ni ya kuyajua ukiyaona," huwaambia. "Si ya kuyaandika."

Sasa mfikirie mwanamke huyo, halafu aje Peng.

Alikuja baada ya mwaka mpya wetu, baridi ikiwa bado haijaisha. Alikuwa fundi nondo, mtu wa Hunan, mkoa wa ndani kabisa wa bara, mabega mapana na vidole vyenye makovu ya waya. Aliagiza chai, akalipia masomo kabla ya kuketi, jambo ambalo kwa Mwalimu tayari lilikuwa baya.

"Mwalimu, Kikantoni nakijua kidogo," alisema.

"Nakisikia. Cha Hunan."

"Ndiyo. Hiyo Hunan ndiyo nataka itoke."

"Tutaanza na namba."

"Namba nazijua, Mwalimu. Mimi nataka unifundishe kusema vibaya."

Mimi nilikuwa kaunta napanga chenji. Nikaacha kupanga.

"Vibaya vipi?" Mwalimu akauliza.

"Kama wanaume wa hapa. Mtu wa makamo, aliyekulia kwenye nyumba za serikali. Mimi niseme o, nisiseme ng'o. Wewe niseme lei."

"Hayo ni makosa."

"Najua. Nalipia makosa."

"Na kuandika?"

"Kama watu wanavyoandikiana kwenye simu. Yale ya shule sina haja nayo."

Mwalimu alizihesabu tena pesa alizopewa. Kisha akasema njoo Jumanne. Peng alipoondoka, Mwalimu akaja kaunta na kikombe chake mkononi.

"Lin, umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Nani analipa ili akosee?"

"Labda amechoka kuchekwa kazini."

"Anayechekwa anataka kusema vizuri. Huyu anataka kusema kama mtu fulani," akasema.

Ilikuwa kweli, na iliniudhi kwamba ilikuwa kweli, maana kwa kawaida mimi ndiye wa kumwambia apunguze.

Masomo yakaendelea, na kila somo lilileta lake. Peng hakutaka maneno ya sokoni, hospitali wala basi. Alitaka sentensi chache tu, na zote zilikuwa za kusema na mama. Mama, ni mimi. Mama, huku kazi zimebana. Usiwe na wasiwasi, nitakuja mwezi ujao. Vaa soksi. Alizirudia mpaka Tak huko jikoni akaanza kuzisema bila kujijua akiwa anachuja chai. Kisha alikuwa na simu. Aliiweka mezani, hedifoni kwenye sikio moja, akasikiliza kitu, akarudia sentensi, akasikiliza tena. Mwalimu akiinama kidogo kuelekea kwenye simu, Peng huigeuza kifudifudi.

Mtu asiyeishi hapa hatajua kwa nini hilo lilitunyima raha. Mtaa wetu umejaa wazee wanaokaa peke yao, na simu zao hulia mchana. Sauti ya mwanamume inasema, "Mama, ni mimi." Mzee anajibu, "Ni wewe, A-Keung?" Basi amekwishampa jina. "Ndiyo Mama, ni mimi A-Keung, nimepata matatizo na polisi." Mama yake muuza nyama wa kona alimaliza hivyo akiba yake ya mazishi, na tangu siku hiyo hazungumzi na mtu. Zamani wezi hao walikamatwa kwa ulimi, maana walitoka mbali na ngazi zao za sauti zilikuwa za mbali. Bibi alisikia neno moja limepinda akakata simu.

"Sasa wameamua kusoma," Mwalimu alisema. Alikuwa amepauka. "Wamekuja kusoma kwangu."

"Wapigie polisi."

"Niwaambie nini? Kuna mtu anajifunza kumsalimia mama?"

"Basi mfukuze."

"Nikimfukuza ataenda kwa mwalimu mwingine, na huyo hatakuwa na macho." Akazungusha kikombe. "Mahali fulani katika mji huu kuna mama, Lin. Atainua simu, na atakayeongea nitakuwa nimemtengeneza mimi."

Ndicho kilichokuwa kinamla, na si jambo la kucheka. Mwanamke huyu maisha yake yote aliweka sauti vinywani mwa watoto wa watu. Sasa aliogopa kwamba ile kazi moja aliyoiweza ingemwibia bibi wa watu, na hatamjua hata jina.

Akatega mtego. Alipanga kumfundisha Peng vibaya zaidi kuliko mwenyewe alivyotaka. Pale pa kushusha sauti, Mwalimu alipandisha nusu ngazi. Kidogo tu, kiasi cha chumvi kwenye ncha ya kisu, lakini mama yeyote wa hapa angesikia na kusema huyu si wangu. Nilimwona akifanya hivyo kwa uso wa mcha Mungu, kijiti kikipanda pale pasipofaa, na Peng akikifuata kwa bidii yake yote. Nikakumbuka kwamba mwanamke huyu aliwahi kukataa kula kwangu wiki nzima kwa sababu niliandika ubao wa chakula kwa lugha ya mdomoni.

Somo lililofuata Peng aliketi, akavaa hedifoni, akasikiliza. Akakunja uso.

"Mwalimu, hapa sivyo."

"Sivyo nini?"

"Hili neno. Wewe ulilipandisha. Yeye analishusha."

"Yeye nani?"

Peng akavua hedifoni polepole. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Rafiki," akasema.

"Rafiki yako anasema vizuri. Kwa nini yeye asikufundishe?"

"Hana nafasi."

"Basi mlete anywe chai. Mama Lin atamtengenezea."

"Hawezi kuja," akasema Peng, na akaomba waendelee na soksi.

Alipotoka, Mwalimu aliketi palepale kwenye meza yake mikono ikiwa magotini. Wameiba sauti ya mtu, alisema. Wamemrekodi kijana wa watu mahali fulani, sasa wanamfundisha huyu aivae. Mimi nikasema lisemwalo lipo. Tak akatoa kichwa jikoni akasema labda tumuulize mwenyewe, na sote wawili tukamtazama mpaka kichwa kikarudi.

Ikafika karibu na Ching Ming, siku za kusafisha makaburi, na mtaa mzima ukanuka ubani. Alasiri hiyo Peng alikuja na simu isiyo na chaji. Akaniomba niichomeke kaunta, nikaichomeka pembeni ya mtungi wa majani ya chai, naye akaenda msalani kunawa saruji mikononi. Simu ikapata uhai. Ikaanza kulia.

Kwenye kioo paliandikwa Mama wa Fai.

Niliita, "Mwalimu," na sikuhitaji kusema zaidi. Alikuja haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea. Akasoma jina. Nilidhani ataiandika ile namba. Badala yake aliinua simu akaiweka sikioni, na ili nami niwe shahidi, akabonyeza spika.

"Fai?" sauti ya bibi ilisema, ya kukwaruza, yenye lafudhi ya watu wa Swatow, mji wa pwani huko bara. "Najua umeniambia nisipige saa za kazi. Lakini Ching Ming hii hapa. Kaburi la baba yako nani atalifyeka? Utakuja, au nimwambie binamu yako?"

"Mama," alisema Mwalimu, "mimi si Fai."

"We nani?"

"Naitwa Fung, ni mwalimu. Nisikilize na usikate. Anayekupigia simu na kujiita Fai si mwanao. Ni mtu wa Hunan. Sauti hiyo nimemfundisha mimi, neno kwa neno, hapa mkahawani. Usimpe pesa, usimpe namba ya benki, usimfungulie mlango."

Nilisikia televisheni upande wa pili, na mtu akikohoa, kama sauti za nyumba ya wazee zilivyo.

"Pesa hajaniomba," bibi akasema mwishowe.

"Ataomba."

"Hajawahi. Ananiuliza kama nimevaa soksi." Akashusha sauti. "Unasema si yeye."

"Si yeye, Mama. Naapa."

"Nilisema mimi. Nilimwambia binti anayetuhudumia hapa, mwanangu anaongea kama ana wali mdomoni. Akasema ni mtandao, yuko mbali, anajenga daraja huko Malaysia." Kitu kama fimbo kikagonga sakafu. "Basi kama huyu si Fai, mwalimu, Fai yuko wapi?"

Mwalimu Fung aliitoa simu sikioni akaitazama. Nikaona jambo linapita usoni mwake, linakuja polepole, na mimi likanijia pia wakati huohuo.

Peng alikuwa amesimama kwenye mlango wa msalani, mikono inachuruzika maji.

"Fai yuko wapi?" sauti ikauliza tena. "Kuna mtu hapo?"

Akaja. Hakumpokonya Mwalimu simu. Alisimama karibu nayo akaongea, na ile sauti ya uvivu aliyoijenga kwa miezi yote haikuwepo. Ilikuwa Hunan tupu, ngazi zote zimeenda mrama.

"Mama, naitwa Peng. Nilikuwa nafunga nondo na Fai."

"Ulikuwa."

"Ndiyo, Mama. Moyo wake ulisimama. Tulikuwa tumekaa tunakula. Hakuumia."

"Lini?"

"Kabla ya mwaka mpya."

"Mkamzika?"

"Tumemchoma. Mkewe, Dada Yuk-mui, alisema wewe usijue. Alisema mwenye mvi hasindikizi mwenye nywele nyeusi, kwamba si vyema, na moyo wako ni mgonjwa. Akaniomba mimi kwa kuwa sauti yangu ni nene kama ya Fai. Nilikuwa na ujumbe wake wa sauti kwenye simu, ndio nikawa najifunzia. Nisamehe, Mama."

"Usiniite Mama," bibi akasema, na simu ikakatika.

Tak alitoka jikoni akazima feni, sijui kwa nini. Mwalimu aliirudisha simu kaunta kwa mikono miwili akamwambia Peng, "Ningekuuliza."

"Ulikuwa unauliza," Peng akasema. "Mimi ndiye nisiyejibu."

Akachukua simu yake, akavaa kofia, akaondoka, na chai yake nikaimwaga.

Nilimkasirikia Mwalimu siku zile, nalisema wazi. Nilimwambia umemuua mwanamke yule kwa mdomo wako. Yeye hakubisha. Alikuja kila siku, akaketi chini ya feni bila mwanafunzi, akalipa bila kuikagua bili, na hilo ndilo lililonitisha hasa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, watu husema, lakini wasemaji hawakai wakamtazama aliyemo ndani.

Kisha Peng akarudi. Alisimama mlangoni hakuingia.

"Mwalimu, bibi anakutaka."

"Anitukane. Sawa. Nipe namba."

"Hataki kwenye simu. Anasema sote tumemdanganya, mimi, Dada Yuk-mui, mabinti wa nyumba ya wazee, hata daktari. Anasema ni mtu mmoja tu aliyemwambia kweli, na hata hamjui sura. Anataka wewe ndiye umpeleke kwa Fai."

Mwalimu akauliza mara tatu kama ni kweli bibi alisema hivyo, na kwa maneno gani hasa, na nani mwingine alikuwepo. Tabia ni ngozi. Kisha akaniomba nifunge mkahawa alasiri hiyo, na nilifunga, kwa sababu nilitaka kuona, na kwa sababu nilimwogopea.

Bibi Chong, mama wa Fai, alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni mwa nyumba ya wazee, amevaa koti la sufi, fimbo imelala magotini, na hakumpa mkono mtu. Mkwewe Yuk-mui alikuja nyuma yetu kwenye teksi ya peke yake, macho yamevimba. Bibi alimkagua Mwalimu kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wewe ndiye usiyeamini watu?"

"Ndiye mimi."

"Mimi pia nilikuwa simwamini yule wa kwenye simu. Mwanangu tangu azaliwe hajawahi kuniuliza habari za soksi. Nikajiambia ana mwanamke mwingine, ndiyo maana amekuwa mpole." Akapiga mkono wa kiti. "Twende."

Majivu ya watu wengi yako kule Diamond Hill, kwenye jengo refu lenye kuta za visanduku, kila kisanduku na jiwe lake na picha ndogo. Ching Ming ilikuwa imeleta umati, moshi unatoa machozi hata kwa wasio na msiba. Mwalimu alitangulia, akasoma jina kwenye jiwe, akalisoma tena, akalinganisha na karatasi ya Yuk-mui, akamtazama mtu wa kwenye picha kisha akamtazama bibi, kama mtu anayepima pua.

"Ndiye," akasema.

Lilikuwa juu, mstari wa pili kutoka darini. Kutoka kwenye kiti bibi aliweza kuona ukingo wa jiwe tu.

"Nipeni fimbo," alisema, ingawa fimbo ilikuwa mikononi mwake. "Kwetu Swatow mtoto akimtangulia mzazi amekosa adabu. Mama humchapa kwenye jeneza, kidogo tu, mbele ya watu. Akishachapwa amesamehewa, anaenda zake. Asipochapwa hawezi kwenda. Anabaki mlangoni." Akageuza kichwa kumtafuta Yuk-mui. "Mmemwacha mwanangu mlangoni baridi yote."

Yuk-mui alifunika uso. Alisema, "Mama, nilikuogopea wewe," na nadhani ilikuwa kweli, nayo haikumsaidia mtu. Kumbe waliojifanya wema kwa bibi huyu walimfungia mlango, na Mwalimu, aliyekuja na shaka mbaya kichwani, ndiye aliyeufungua. Sijui hilo nilifanyeje. Bado linaniudhi.

Bibi aliinua fimbo. Haikufika. Akajaribu kusimama. Mwalimu akamshika kiwiko upande mmoja nami upande mwingine, na bado fimbo iliishia kwenye mawe ya watu wengine.

"Mama," Peng akasema, kisha akajirudi. "Bibi. Niruhusu."

Bibi alimgeuzia uso. Nilitarajia atamtemea mate.

"Wewe ndiye wa soksi?"

"Ndiye."

"Ulikuwepo alipokufa?"

"Nilikuwa nimemshika kichwa."

Bibi akanyoosha mikono juu kama mtoto anayetaka kubebwa, na Peng akainama, akamwinua kutoka kitini na koti lake na kila kitu, akamweka juu ya mkono wake mmoja kama anavyoinua nondo kila siku. Sasa uso wa bibi ulikuwa sawa na picha. Walitazamana, mama na mwana.

Alimchapa. Fimbo iligonga jiwe mara moja, taratibu, halafu mara nyingine kwa nguvu, na watu waliokuwa na ubani wao wakageuka. Alimwita majina ya Kiswatow ambayo sikuyaelewa. Mwalimu Fung, aliyewaambia watoto wa vizazi viwili kwamba hakuna anayelia hadharani, alilia akiwa amesimama wima, bila kujifuta.

"Haya," bibi akasema mwishowe, fimbo imeshuka. "Nenda."

Mwalimu akasogeza kiti cha magurudumu karibu. Mkono wa Peng ulikuwa umeanza kuchoka, na msimamizi wa jengo alikuwa anakuja kuuliza kelele hizo ni za nini. Bibi Chong akauweka mkono wake begani kwa yule mtu wa Hunan, akashika shati.

"Usinishushe bado," akamwambia.